Kusoma Huku Unalipwa Ujerumani: Anza na Mwajiri

Vijana wengi wanaoutaka mfumo huu wa kusoma chuo huku umeajiriwa na kampuni, ambao Wajerumani huuita duales Studium, huanza kwa kuuliza chuo kipi kizuri na maombi yanafungwa lini. Nawasihi waanze kwingine.

Chukua DHBW, chuo cha serikali cha jimbo la Baden-Württemberg chenye makao makuu Stuttgart. Mfumo wake ulianza mwaka 1974. Shahada ni miaka 3: takriban miezi mitatu darasani, miezi mitatu kazini, hivyo hivyo mpaka mwisho, na mshahara unaingia kila mwezi, hata ule unaoumalizia kwenye mitihani. Ila nafasi hutolewa na kampuni. Unaomba kwa kampuni iliyo mshirika wa chuo, unafanyiwa usaili, unasaini mkataba, ndipo chuo kinakusajili. Masomo huanza Oktoba, na kampuni kubwa hutafuta watu mwaka mzima kabla. Anayeamka Juni amechelewa.

Usaili wenyewe kwa kawaida ni kwa Kijerumani. B1, yaani kiwango cha kati cha lugha, uliyoipata Goethe-Institut ya Dar es Salaam au Nairobi ni hatua nzuri, lakini lenga C1, kiwango cha juu, maana kuna mhadhara asubuhi na kuna fundi anayekuelekeza kazi bila kupunguza kasi. Cheti chako cha sekondari nacho kiulizie mapema kama kinatosha kuingia chuo Ujerumani. Huenda ukatakiwa kupitia Studienkolleg, yaani mwaka wa maandalizi, na mwaka huo mwajiri hakulipi.

Jambo ninalotaka familia zilizungumze kabla ya tiketi kukatwa ni likizo. Ile miezi mirefu ya kufunga chuo haipo. Unapata likizo ya mfanyakazi: kisheria angalau siku 20 kwa mwaka kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na unazichukua katika kipindi cha kazini. Mama ajue kwamba Krismasi au Idi nyingine zitapita bila wewe, na hata msiba unaweza kukukuta katikati ya mitihani.

Halafu soma mkataba wote, na mtu anayekielewa Kijerumani cha sheria akae pembeni yako. Angalia muda wa matazamio, na kama kuna kifungu cha kukubakiza kazini baada ya kuhitimu au kurudisha gharama ukiondoka. Uliza pia kodi ya nyumba: chuo na kampuni vikiwa miji tofauti, unaweza kujikuta unalipia vyumba viwili kwa mshahara mmoja wa mwanafunzi.