Jinsi ya kupata kibali cha komite kwa sono mpya ya kanisa

Ombi la sono (vyombo vya sauti) likirudishwa na komite, mara nyingi kasoro iko kwenye karatasi yenyewe: orodha ya majina ya vifaa, jumla ya dola chini, basi. Mhazini hawezi kusimama na karatasi ya namna hiyo mbele ya waumini wa Katuba au Ruashi, mitaa ya Lubumbashi, wanaojua kwamba upande mmoja wa paa bado haujapigwa mabati. Kazi yenu ni kumpa kitu anachoweza kukitetea ninyi mkiwa hamko chumbani.

Kabla ya kuomba hata franga moja, tengenezeni kilichopo. Jumamosi moja toeni kila kitu kwenye mabenchi. Bandikeni utepe wa kijani kwenye kinachofanya kazi, wa njano kwenye chenye kasoro, mwekundu kwenye kilichokufa, na kwenye daftari andikeni kifaa, kiliingia lini, nani alikitoa na kina tatizo gani. Kebo za mikro (maikrofoni) zipimeni kwa multimeta, kifaa cha kupimia umeme: pini 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3, na pini moja isisomeke kwenye nyingine. Wakati wa kupima tikiseni shingo ya kebo karibu na kichwa chake, kwa maana hapo ndipo nyuzi hukatika kwa sababu ya ile tabia ya kuizungushia kwenye kiwiko baada ya ibada. Kateni sentimita 5, chomeleeni upya. Nyingi zilizoitwa mbovu huponea hapo. Kisha angalieni spika: zikiwa nyuma ya mimbari, mikro inasikia spika na kuanza kupiga mluzi. Zisogezeni mbele ya mstari wa mikro, ziinueni mita 2.5 hivi, ziinamishwe kidogo kuelekea watu wa katikati. Haya hayagharimu kitu zaidi ya risasi ya kuchomelea, na mzee wa kanisa aliyeona mluzi umekwisha atawasikiliza kwa namna nyingine.

Sasa pimeni kinachokosekana. Msiseme "sauti ni mbaya". Kila mtu ana maoni yake juu ya hilo, na kwaya ya vijana ina maoni makali kuliko wote. Andaeni maneno 25 yanayofanana, kama vile pika, fika, shika, zika, pata, kata, bata, tano, kano. Mtu mwenye sauti ya kawaida ayasome kwenye mikro ya mhubiri, neno moja kila sekunde tatu. Wasikilizaji watano wakae sehemu tofauti, wawili kati yao benchi la mwisho, waandike walichosikia. Msitumie mistari ya Biblia: watu wanaijua kwa moyo, akili inajaza yale ambayo sikio halikupata. Fanyeni mara tu baada ya ibada, watu wakiwa bado wamekaa, maana kanisa tupu hurudisha mwangwi zaidi. Mkipata, kwa mfano, maneno 24 benchi la tatu na 14 benchi la mwisho, hiyo namba inatosha kufungua mkutano. Mwombeni mzee mmoja wa komite awe msikilizaji wa nyuma. Akishaandika "fika" pale msomaji aliposema "pika", hamtahitaji kumweleza mengi.

Elezeni pia sababu, kwa kifupi. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Ndani ya kuta za matofali na chini ya mabati, kinachofika nyuma ni mwangwi mwingi kuliko neno lenyewe, na kupandisha volumu kunapandisha vyote viwili. Kwenye kanisa refu dawa mara nyingi ni spika mbili ndogo katikati, zilizocheleweshwa kwenye mixa (meza ya kuchanganya sauti) ili sauti yake ifike pamoja na ile ya mbele: sauti huenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 20 kutoka zile za mbele inahitaji milisekunde 58 hivi. Halafu semeni ukweli kuhusu mvua. Kati ya Novemba na Machi, mvua kubwa ikipiga mabati hakuna sono ya kuishinda. Hilo ni suala la dari, na mkiliahidi kwenye ombi lenu litawarudia.

Umeme utangulie spika. Kwa wiki tatu andikeni volti kabla ya ibada, kwaya ikiimba, na jioni. Badala ya 220 mkisoma 170 au 180, au namba inayorukaruka, mixa mpya haitadumu. Hapo mnahitaji stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti. Kuchagua ukubwa wake, jumlisheni wati zilizoandikwa nyuma ya kila kifaa, ongezeni nusu yake. Waya wa ardhi usikatwe kamwe. Kuna mafundi wanaoung'oa kwenye plagi ili kuondoa mngurumo. Mngurumo unaondoka, na mwimbaji anabaki na gitaa mkononi na mikro mdomoni, umeme ukivuja unapita mwilini mwake. Mwaka 2005 huko Waco, Texas, mchungaji alikufa kwa shoti aliposhika mikro akiwa ndani ya maji ya ubatizo. Swichi ya kinga ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja, na fimbo ya ardhi ni bei ndogo, na ndicho kipengele ambacho komite hupitisha bila mabishano. Kiwekeni cha kwanza.

Msiwashtukize watu mkutanoni. Anzeni na mhazini, kisha kiongozi wa mashemasi, kisha marais wa kwaya, maana kwaya isiyoulizwa italeta ombi lake siku hiyo hiyo. Papa Mchungaji mwoneni kabla ya mkutano, mkiwa wawili tu, na karatasi ikiwa bado rasimu, ili apate nafasi ya kuirekebisha. Ulizeni mapema ni kiasi gani cha matumizi kinachohitaji sahihi ya ngazi ya juu.

Karatasi iwe ukurasa mmoja. Juu, matokeo ya maneno 25. Katikati, hatua tatu, kila moja ikiweza kusimama peke yake hata zile nyingine zisipofuata: umeme na kebo; mikro na spika za katikati; mixa. Taja kazi ya kifaa kabla ya jina lake. Ambatanisheni proforma tatu (hati za bei kutoka kwa wauzaji) za vitu vinavyolingana, kwa dola, na kiwango cha franga cha siku hiyo. Stendi, kebo, masanduku, usafiri na ushuru wa mpakani Kasumbalesa viandikwe; ndivyo vinavyosahauliwa na kumfanya mhazini aonekane mwongo miezi miwili baadaye. Wekeni akiba ya asilimia 10 hadi 15.

Mtaambiwa kuna ndugu Marekani atatuma vifaa. Mshukuruni, halafu mwombeni picha ya nyuma ya kila kifaa. Kikiandikwa 100–240 V, kije. Kikiandikwa 120 V tu, kinahitaji transfoma, na kikichomekwa moja kwa moja kwenye 220 kitaungua. Kwa mikro za dukani, bandia za Shure SM58 zimejaa kila mahali; ya kweli ina gramu 298, nendeni na mizani ya jikoni.

Komite ikisitasita, kodini spika mbili za katikati kwa Jumapili moja ya kawaida, si siku ya mavuno wala ya wageni. Mhubiri yule yule, mikro ile ile. Volumu isipande, la sivyo watakumbuka kelele tu. Rudieni maneno 25.

Wakikubali, pelekeni faktiri (ankara za manunuzi) kwa mhazini wiki hiyo hiyo kabla hajaziuliza. Funguo za chumba zibaki kwa watu wawili wanaojulikana, na kitabu cha kutoa na kurudisha kisainiwe hata mchungaji mwenyewe akiazima spika kwa kilio. Kiangazi vumbi jekundu huingia kwenye vitelezi vya mixa: ifunikeni kwa kitambaa kila baada ya ibada, isafisheni kwa brashi laini. Baada ya miezi mitatu rudieni kipimo, andikeni kilichoharibika na kilichotengenezwa, na hiyo ripoti ndiyo iambatane na ombi la hatua ya pili.