Kupima unywele kwa mwanga: somo linaloanzia ziwani

Mwalimu mwenzangu, kabla ya kugusa leza wapeleke wanafunzi ziwani. Mimi huteremka na kidato cha sita hadi ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, Mwanza, alasiri, upepo ukishaamka. Nyuma ya jiwe kubwa kama Bismarck, ule mwamba maarufu wa hapo ziwani, maji hutulia. Sasa waonyeshe jiwe dogo, linalokaribiana na nafasi kati ya wimbi na wimbi: mawimbi yanalizunguka kushoto na kulia, kisha yanakutana nyuma yake. Kule kupinda ni difraksheni, kule kukutana ni mwingiliano. Niliwahi kufundisha mada hii kwa michoro ya ubaoni tu, darasa zima likakariri fomula bila kujua ni kitu gani kinachopinda. Sirudii tena.

Urefu wa wimbi, yaani nafasi hiyo kati ya wimbi na wimbi, kwa mwanga mwekundu ni kama milimita 0.00065, kwa hiyo kwake nguzo ya darasa ni Bismarck. Tulitafutie jiwe dogo: unywele.

Kata dirisha kwenye kipande cha boksi, nyoosha unywele wima katikati, ubandike kwa selotepu. Laza tochi ya leza nyekundu juu ya vitabu, ielekeze kwenye unywele hadi ukutani, na uibane kwa kibanio cha nguo; kibanio kitashikilia kitufe na mwanga hautatetemeka. Nguvu isizidi miliwati 1. Za kijani zinazouzwa mitaani naziogopa, nyingi zina nguvu kuliko lebo inavyosema. Vua saa, ondoa vioo, asikae mtu upande wa ukuta.

Usibanane na ukuta. Kwa mita moja mistari inasongamana. Kwa mita 5 inaachana vizuri. Sisi hufanya saa moja na nusu jioni, wakati wa prepo, maana jua la Mwanza hupenya hata pazia zito.

Ukutani utaona mstari wa mlalo uliokatwakatwa: mwanga, giza, mwanga, giza. Usipime nafasi moja peke yake, kosa la rula litakuwa kubwa mno. Pima kutoka giza la tatu kushoto hadi la tatu kulia, gawa kwa 6. Juzi tulipata sentimita 26, yaani 4.33 kwa nafasi. Zidisha urefu wa wimbi (leza yetu ni nanomita 650, yaani milimita 0.00065) kwa umbali kutoka unywele hadi ukutani (mita 5), gawa kwa nafasi hiyo: milimita 0.075, ndio unene wa unywele.

Wasimulie hapo kuhusu Thomas Young, mwanasayansi Mwingereza. Mwaka 1803 alieleza jinsi alivyougawa mwale wa jua kwa ukingo wa kadi nyembamba, na alipoziba upande mmoja, mistari ndani ya kivuli ikatoweka. Wape muda wakumbuke lile jiwe dogo.

Kisha weka uzi mmoja wa shaba, ulio mnene kuliko unywele, kutoka waya wa chaja mbovu. Wabashiri kwanza: mistari itaachana zaidi? Wengi husema ndiyo, nayo inasongamana. Hakikisha jibu kwa mikromita skrubu, kifaa cha kubana na kupima unene, lakini kwa shaba tu. Unywele huminyika ukatoa kipimo kidogo.