Namna ya kuwagombanisha watu sita chini ya Ziwa Tanganyika

Ukitaka kuandika hadithi ya kubuni ya kisayansi ambamo watu wamenaswa pamoja, usianze na msaliti. Anza na kitu kinachopungua. Mimi niko Kibirizi, Kigoma, kwa hiyo wahusika wangu nawazamisha humu humu ziwani: kina kinafika karibu mita 1,470, na ukishapita mita 200 hivi maji hayana oksijeni. Hata samaki hawakai huko. Nyambizi ikikwama, hewa ni ile iliyomo ndani tu.

Sasa mpe mtu mmoja kazi ya kusoma geji ya hewa iliyobaki. Mmoja tu. Jioni anasema imebaki robo. Asubuhi anasema robo. Usieleze lolote. Mwache fundi amtazame, kisha aombe kusoma mwenyewe, eti "nikupokee kidogo, umechoka". Kundi limeshapasuka hapo, na hakuna aliyerusha ngumi.

Halafu lugha. Wawili ni Waha, wananong'ona Kiha. Mhandisi aliyetoka Dar haambulii kitu. Pengine wanaongelea bei ya dagaa. Msomaji ajue walichosema, mhandisi asijue. (Hadithi inayomficha msomaji kila kitu hadi ukurasa wa mwisho mimi huiona ni uchoyo.)

Kila anayeshukiwa awe na sababu ya maana ya kuficha alichoficha. Mpishi ameweka chupa ya maji pembeni kwa ajili ya kijana mwenye homa. Ikigundulika, wapige kura nani ashike funguo za stoo, na kura zitoke tatu kwa tatu.