Vizibo vya kava ya magneti vimegoma kufunguka? Soma hapa kabla hujashika patasi

Unataka kuseti tapeti (kurekebisha nafasi ya valvu), umeshafungua kava ya valvu juu, sasa unahamia kwenye vile vizibo viwili vya kava ya magneti upande wa kushoto, kile kikubwa cha katikati cha kuzungushia krenki na kile kidogo cha kuchungulia alama ya T (inayoonyesha pistoni iko juu kabisa), halafu kimoja hakitoki kabisa. Naongelea hizi pikipiki za Kichina za mfumo wa CG zilizojaa vijiweni, ila njia ni ileile kwa nyingine zenye vizibo vya mfereji, yaani vyenye ufa usoni wa kuingizia zana.

Kinachokwamisha mara nyingi ni fundi aliyepita, alikaza kama nati ya tairi. Ongeza o-ringi (ule mpira wa duara wa kuzuia oili) iliyokauka na tope la kila siku, alminiamu kwa alminiamu zinagandana.

Usianze na bisibisi ya kawaida wala sarafu ya mia mbili. Mfereji ule ni mpana, bisibisi inagusa sehemu mbili tu ndogo, ukizungusha inakula kingo, na kingo zikishaliwa kazi ya dakika 5 inageuka ya siku nzima.

Hatua ya 1: safisha. Mswaki wa zamani na dizeli, halafu chimba mfereji kwa msumari mpaka uone chini kunang'aa. Mchanga ukibaki humo zana haikai mpaka chini.

Hatua ya 2: puliza WD-40, dawa ya kulegeza vilivyoganda, kuzunguka ukingo wote. Pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni inalalia kushoto, dawa yote inadondoka chini, kwa hiyo iegemeze ukutani kwa upande wa kulia ili dawa ikae pale juu na kupenya. Iache ilale hivyo usiku mzima kama mwenye chombo anakubali.

Hatua ya 3 ndiyo inayomaliza kazi mara nyingi. Tafuta kipande cha chuma bapa, milimita 3 hivi, kipige tupa kidogo kidogo huku unakijaribisha, mpaka kiingie kwenye mfereji kwa kubana na kijaze urefu wake wote. Kishike na spana malaya karibu kabisa na kava. Kabla hujazungusha, gonga kichwa cha hicho chuma kwa nyundo ndogo, ta ta ta, mara tano sita, mgando unaachia kwa ule mtikisiko. Sasa sukuma kwa uzito wa mwili, kaza kidogo sana kwanza, kisha rudisha kinyume na saa. Kikiachia utasikia "krik" na mkono utajua.

Hatua ya 4: kikigoma bado, chemsha birika la maji, zungushia kitambaa kwenye kava, mwagia taratibu, kisha rudia hatua ya 3 haraka kabla hapajapoa. Moto wa gesi hapana jamani, kabureta iko karibu pale na ndani kuna koili na waya, utaunguza vitu vya watu.

Hatua ya 5, mfereji umeshaliwa wote. Chukua patasi butu, iweke ukingoni mwa kizibo kwa mshazari, gonga kuelekea kinyume na saa kidogo kidogo. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Nikiwa bado najifunza nilipiga kwa hasira nikapasua kava ya mteja, ufa ulitoka kwenye uzi mpaka tundu la bolti, jamaa akakaa siku mbili hana kazi na ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri. Tangu siku hiyo nikigonga mara 10 bila kizibo kusogea naacha, nashusha kava.

Kushusha kava: mwaga oili, fungua bolti za namba 8, na kila bolti ichomeke kwenye katoni uliyochora umbo la kava, maana urefu wake haulingani. Angalia vidole, sumaku inavuta kava kwa nguvu. Ukifika mezani toa koili kwanza, ndipo utoboe matundu mawili kwenye kizibo, uchomeke pini mbili na uzungushe. Usitoboe kikiwa bado kwenye injini, chenga za alminiamu hazikamatwi na sumaku, zinakwenda moja kwa moja kwenye oili. Gasketi weka mpya.

Kurudisha: o-ringi mpya iliyopakwa oili, grisi kidogo kwenye uzi, anza kwa vidole mizunguko miwili ili uzi usikae upogo, kisha kaza kwa mkono mpaka kiguse kava, basi. Kinachozuia oili ni o-ringi, nguvu zako hazihitajiki. Jaza oili kama uliimwaga, washa injini dakika kadhaa, pitisha kidole chini ya kizibo, kikitoka kikavu mpe mtu pikipiki yake.