SOMO: Kujenga tangi la furu la lita 540 nyumbani, na namna ya kulivusha usiku umeme unapokatika

Ninaandika somo hili kwa sababu karibu kila juma ninaulizwa swali lile lile: kwa nini samaki walikula vizuri jioni, kisha asubuhi wakakutwa wote wanaelea? Nitaeleza ujenzi wote tangu mwanzo, lakini jibu la swali hilo liko katika hatua ya sita, na ninaomba isomwe yote kabla mtu hajauliza. Tangi langu ni la furu wa miamba wa Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria, samaki wadogo ambao wengi wetu tumewaona kwenye ndoano za watoto bila kuwatazama rangi zao.

1. Meza. Tangi la sentimita 180 kwa 60, lenye kimo cha 50, hubeba lita 540, yaani kilo 540 za maji peke yake. Ukijumlisha vioo, mawe na mchanga utapita kilo 700, kwa hiyo fundi wa kuchomelea akutengenezee meza ya chuma cha mraba, na uikague kwa pimamaji pande zote nne.

2. Vioo. Milimita 12, kingo zisagwe.

3. Kuunganisha. Tumia silikoni safi, ile inayotoa harufu ya siki inapokauka, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Futa kingo kwa spiriti, unganisha, bandika kanda za kioo kuzunguka ukingo wa juu ili vioo virefu visitanuke, kisha uliache tangi siku saba bila tone la maji.

4. Mawe. Hapa Mwanza tumebarikiwa, kwa sababu granaiti yetu haibadilishi maji hata kidogo. Yasugue mawe kwa brashi, yapange juu ya kipande cha foma nyeupe ngumu kama ile inayofungashiwa televisheni, ndipo umwage mchanga. Usianze na mchanga, maana furu huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka. Msichukue hata kokoto kutoka Saanane, kwa kuwa kisiwa kile ni hifadhi ya taifa.

5. Maji. Maji ya bomba yapulizie hewa siku mbili ili klorini itoke. Anayechota ziwani asiingize mikono ndani ya maji hayo kabla ya saa 48 kupita, na asilete konokono wala majani yenye konokono, kwa sababu vijidudu vya kichocho vinavyoelea majini hufa ndani ya muda huo, lakini konokono aliyeambukizwa ataendelea kuvitoa ndani ya tangi lako.

6. Filta. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi ndani ya sponji na vijiwe vya filta huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo tunaipunguza kwa kubadilisha robo ya maji kila juma. Jeshi hilo la bakteria huchukua majuma manne hadi sita kukua, na katika muda huo unatia chembe za chakula ndani ya tangi lisilo na samaki ili bakteria wapate riziki. Haya wengi wanayajua. Wasilolijua, na mimi sikulijua, ni kwamba bakteria hao wanahitaji hewa kama samaki wenyewe. Nilikuwa na filta ya kopo lililofungwa, yenye pampu nzuri, nikaiamini. Usiku mmoja umeme ulikatika tangu saa mbili hadi alfajiri. Maji yaliyosimama ndani ya kopo yaliishiwa hewa, bakteria wakafa na kuanza kuoza, na umeme uliporudi nami nikiwa bado usingizini, pampu iliusukuma uozo wote ule kwenye tangi. Nilipoteza furu 23 kati ya 31, na niliowapoteza niliwalea tangu wakiwa vifaranga.

Kwa hiyo shikeni haya. Filta ya kopo iliyosimama zaidi ya saa moja isiwashwe kabla ya kufunguliwa; mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uiwashe. Iunganisheni kwa swichi ambayo haitaiwasha yenyewe umeme unaporudi. Msilishe samaki gizani. Na zaidi ya yote, wekeni filta mbili za sponji zinazoendeshwa na pampu ya hewa ya volti 12 iliyofungwa kwenye betri ya sola, kwa sababu hizo hazisimami hata kama mtaa mzima uko gizani.

7. Samaki. Ukitaka kuvua mwenyewe, anza na ofisi ya uvuvi ya wilaya yako. Mimi ninafuga aina ya furu iitwayo Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Weka majike wengi kuliko madume.

MASWALI YA WANACHAMA WA KIKUNDI CHETU (kila muulizaji ametajwa kwa mahali alipo)

Buhongwa: Mkuu, nimejaza maji leo asubuhi. Samaki niwatie jioni?

Jibu: Hapana. Soma hatua ya sita.

Igoma: Nilifuata kila kitu na bado wamekufa. Nadhani filta hizi za sponji hazifai.

Jibu: Sponji uliiosha kwa maji gani?

Igoma: Ya bomba, na sabuni kidogo.

Jibu: Basi hukufuata kila kitu, ndugu yangu. Klorini na sabuni vimeua bakteria. Anza upya majuma sita.

Bukoba: Shikamoo mwalimu. Je, rangi ya taa ina maana yoyote kwa furu, au ni pambo tu?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa swali hili. Ina maana kubwa. Mwaka 1997 mtafiti wa furu Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba jike wa furu humchagua dume kwa rangi, na kwamba maji ya ziwa yanapochafuka kiasi cha kuficha rangi, aina huchanganyika. Taa ya rangi ya chungwa ndani ya chumba chako huleta tatizo hilo hilo. Tumia taa nyeupe, na usiweke nyererei pamoja na ndugu yake aitwaye Pundamilia pundamilia, kwa kuwa wanazaliana na utapata chotara. Jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni takriban majuma matatu. Ukimwona hali chakula na koo limevimba, usimtibu.

Magu: Hita ya ukubwa gani?

Jibu: Hakuna haja. Maji yangu hukaa kati ya nyuzi 24 na 27 mwaka mzima.

Musoma: Naweza kutumia tangi hili kwa matumbawe na samaki wa baharini?

Jibu: Kioo kinafaa, lakini kila kitu kingine hubadilika. Utahitaji gramu 35 za chumvi kwa kila lita, yaani karibu kilo 19 kwa tangi hili, nayo iwe chumvi ya matangi ya bahari, kwa sababu matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu ambayo chumvi ya jikoni haina. Maji yakipungua kwa mvuke, jazia maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haiondoki na mvuke. Tafadhali usiagize matumbawe hai yaliyobanduliwa kwenye miamba ya pwani yetu.

Nyegezi: Vifaranga wamezidi. Niwarudishe ziwani?

Jibu: Usithubutu. Hujui wamebeba ugonjwa gani wala damu ya nani, na furu wa ziwa hili wameshateseka vya kutosha tangu sangara, samaki mkubwa anayewala, alipopandikizwa. Wagawie wanachama.

Sengerema: Pampu ya hewa niiweke wapi, chini ya meza pamoja na betri?

Jibu: La, iweke juu kuliko usawa wa maji. Ikiwa chini na ikasimama, maji hurudi kupitia mpira wa hewa hadi kwenye pampu na betri. Kama huna nafasi juu, funga vali ya njia moja kwenye mpira, na uipulize kwa mdomo kila mwezi kuhakikisha haijaziba.