Kutoka Kamera hadi Ubao: Namna ya Kuchapa Picha kwa Mkono

Msanii anayeanza kuunganisha upigaji picha, uchoraji na uchapaji hudhani kwamba picha iliyotoka vizuri kwenye simu itatoa chapa nzuri. Picha ya kamera ina kijivu cha viwango vingi, ilhali ubao uliochongwa unajua mambo mawili tu: palipobaki juu hupokea wino, na palipochimbwa hubaki peupe. Lazima uwepo mkono wa kuamua kipi kiwe cheusi na kipi kiachwe, na uamuzi huo hufanyika kwenye mchoro. Kwa hiyo usiuruke hata kidogo.

Kwa picha ya kwanza, nenda soko la samaki la Feri, Magogoni, kabla ya saa tatu asubuhi, au subiri hadi baada ya saa kumi jioni. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana husimama karibu na utosi na vivuli hujificha chini ya vitu, lakini jua la pembeni huchora ubavu wa mashua kwa mistari mizito ambayo patasi itaifuata kwa urahisi. Ukitaka kuwapiga watu, waombe ruhusa kwanza.

Ichape picha kwa ukubwa wa A4, iweke juu ya kioo cha dirisha, ifunike kwa karatasi nyembamba, kisha uchore kwa maka peni nyeusi yenye ncha nene. Unene wa kalamu ni wa makusudi, kwa kuwa mstari mwembamba kama unywele utavunjika ubaoni. Maji, kwa mfano, hayahitaji kila wimbi; mistari mitano au sita iliyowekwa kwa subira hutosha.

Hatua ya kuhamishia mchoro ubaoni ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Chapa yangu ya kwanza ilikuwa ya mashua iliyoandikwa SUBIRA kwenye omo, yaani sehemu yake ya mbele. Niliinakili kama nilivyoiona, nikachonga kwa siku mbili, na nilipobandua karatasi jina lilisomeka kinyume, kila herufi ikiwa imegeuka. Dawa yake ni rahisi. Peleka mchoro steshenari ukatolewe kopi kwenye mashine inayotumia unga wa tona, kwani printa ya wino wa maji haifai kwa kazi hii. Laza kopi kifudifudi juu ya ubao, ibane kwa tepu, pitisha kitambaa kilicholoweshwa thina kidogo sana, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko. Mistari itahamia ubaoni ikiwa imegeuzwa, na uchapaji utaigeuza tena iwe sawa. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko, na uvae glavu. Thina ikizidi, mistari huvuja na kuwa doa.

Vipande vya plaiwudi vinavyobaki kwa mafundi seremala wa mtaa wa Keko, Dar es Salaam, vinafaa kabisa, baada ya kupigwa msasa. Hakuna sababu ya kuona haya kutumia vifaa vya ujenzi: Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora hapa jijini mwaka 1968, alitumia mbao za dari na rangi ya mafuta. Kata kwanza ukingo wa kila mstari kwa kisu, ndipo uchimbe kwa patasi, la sivyo nyuzi za plaiwudi zitang'oka pamoja na mstari. Mkono unaoshika ubao ukae daima nyuma ya patasi.

Tandaza wino wa mafuta kidogo juu ya kioo na uukunjue kwa rola hadi itoe sauti nyepesi, kama mafuta yanayoanza kuchemka. Ikisikika inabwata, wino umezidi na utajaza mifereji. Paka ubao, laza karatasi, sugua kwa kijiko kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha inua kona moja tu utazame kama weusi umekolea. Kama bado, irudishe na usugue tena.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni kuzirudisha sanaa zote tatu kwenye karatasi moja. Chapa picha ya awali kwa kijivu hafifu na kwa kipimo kilekile cha mchoro, kisha uchape ubao wako juu yake, ukiongozwa na pembe ya kadibodi iliyogundishwa mezani ili karatasi ikae mahali pamoja kila mara. Kamera italeta ukungu wa anga ambao mbao haiwezi kuutoa, na ubao utaleta uzito wa mashua. Chapa ikikauka, unaweza kuongeza kivuli kwa mkaa pale unapoona pana upungufu.

Wakati wa masika wino wa mafuta hukawia kukauka, hivyo tundika chapa kwenye kamba ndani ya nyumba kwa siku kadhaa bila kuzirundika. Zikishakauka, andika kwa penseli chini kushoto namba ya nakala, mfano 1/10 (nakala ya kwanza kati ya kumi), na saini yako chini kulia.