Namna ya Kulipima Wazo la Kifaa cha Nishati cha Kesho: Mwongozo kwa Mbunifu wa Tanga

Katika karakana za Ngamiani, na katika nyumba nyingi kuanzia Mkinga hadi Pangani, wapo watu wasio na cheti cha uhandisi ambao wamejaza madaftari yao michoro ya mitambo ambayo bado haijaonekana: sakafu inayozalisha umeme inapokanyagwa, injini inayotumia maji badala ya petroli, bwawa la pwani linalowasha taa kwa kupwa na kujaa kwa bahari, bomba refu linalochota baridi ya kilindi cha mlangobahari wa Pemba. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Mawazo ya aina hiyo yanastahili heshima, na heshima ya kweli kwa wazo ni kulipigia hesabu mapema, wakati ambapo kalamu na karatasi ndivyo vitu pekee ulivyokwisha kuvigharamia.

Hatua ya kwanza ni kuchora kifaa chako ndani ya mstari unaokizunguka chote, kisha kuonyesha kwa mishale kila nishati inayoingia na kila nishati inayotoka kupitia mstari huo. Hesabu yake hufanana na ya daftari la duka: mali iliyotoka haiwezi kuzidi iliyoingia pamoja na iliyokuwapo stoo. Ikiwa mchoro wako una mota inayozungusha jenereta, na jenereta hiyo inailisha mota ileile huku ikiwasha nyumba, utaona kwamba mishale ya kutoka ipo na wa kuingia haupo. Sumaku hazibadilishi jambo hili. Sumaku huvuta na kusukuma, lakini kila kazi inayofanya katika nusu ya mzunguko hudaiwa katika nusu ya pili, na msuguano pamoja na joto la nyaya huchukua sehemu yao. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Kifalme cha Ufaransa kilitangaza kwamba hakitapokea tena mapendekezo ya mashine zinazojiendesha milele, na katika karne mbili na nusu zilizofuata hakuna mashine iliyokilazimisha kijutie uamuzi huo. Ukigundua kwamba wazo lako ni la kundi hili, liweke kando bila kuona haya na ufungue ukurasa mwingine.

Injini ya maji inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ndani yake mna jambo la kweli. Maji ni hidrojeni ambayo imekwisha kuungana na oksijeni, yaani imekwisha kuungua, na kuitenganisha tena kunagharimu. Lita 9 za maji hutoa kilo 1 hivi ya hidrojeni, na kuitenganisha kwa umeme kunahitaji uniti zisizopungua 39, ilhali mitambo halisi hutumia 50 au zaidi. Hidrojeni hiyo ikipitishwa katika seli ya mafuta, yaani kifaa kinachoiunganisha tena na oksijeni ili kutoa umeme, umeme unaorudi hauzidi uniti 20 hivi. Kwa hiyo maji hayawezi kuwa chanzo cha nishati ya gari, lakini hidrojeni inaweza kuwa ghala la umeme wa jua uliopatikana mchana. Mbunifu anayelichora upya wazo lake kwa namna hiyo, akaweka paneli upande wa kuingilia na kukubali hasara iliyopo katikati, ana wazo linaloweza kujadiliwa.

Baada ya mishale kukaa sawasawa, weka tarakimu juu yake. Vipimo vitatu vinatosha kwa kuanzia: jouli, ambayo ni kiasi cha nishati, wati, ambayo ni jouli moja kwa sekunde, na uniti ile tunayoinunua kwa LUKU, ambayo ni kilowati-saa moja, sawa na jouli 3,600,000. Tuchukue sakafu ya kukanyagwa, ambayo mtu anaweza kutamani kuitandika katika stendi ya Kange. Abiria mwenye kilo 70 anaposhusha kigae kwa nusu sentimita hutoa kama jouli 3.4. Hatua 10,000 zitatoa jouli 34,000, ambazo ni chini ya sehemu moja ya mia ya uniti, hata kabla ya kuhesabu upotevu wa ndani ya kigae. Kiasi hicho kitawasha balbu moja ya wati 5 kwa muda usiofika saa mbili. Sakafu hiyo basi haifai kulisha stendi, ila inaweza kufaa kuendesha kihisio kidogo kinachohesabu abiria bila betri. Hesabu imelihamisha wazo mahali pengine ambapo lina matumaini.

Wazo ambalo linaifaa pwani yetu kuliko mengi, na ambalo ningependa kuona watu wengi zaidi wakilishughulikia kwa makini, ni la kupwa na kujaa. Chukua bwawa lenye eneo la hekta moja, yaani mita za mraba 10,000, lenye lango linalofungwa maji yakijaa na kufunguliwa yakipwa. Nishati iliyomo hupatikana kwa kuzidisha nusu, kwa uzito wa mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ambao ni kilo 1025 hivi, kwa kani ya mvutano ya kila kilo ambayo ni nyutoni 9.8, kwa eneo la bwawa, kisha kwa kimo cha maji kilichozidishwa kwa chenyewe. Wakati wa bamvua, ambapo katika pwani ya Tanga tofauti ya maji hufika mita 3 hivi, jibu ni karibu jouli milioni 452, sawa na uniti 125 kwa kila kupwa. Kwa kuwa kupwa hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, wastani wake ni kilowati 10. Ukiondoa upotevu wa langoni, wa tabo (gurudumu linalozungushwa na maji) na wa jenereta, na kukumbuka kwamba maji hayawezi kusubiri hadi bahari ifike chini kabisa ndipo yaanze kutoka, ni busara kutarajia kilowati 3.

Lakini rudia hesabu hiyo kwa siku za maji mafu, ambapo tofauti inaweza kushuka hadi mita 1 tu. Kwa kuwa kimo huzidishwa kwa chenyewe, nishati haipungui hadi theluthi bali hadi sehemu moja ya tisa, yaani uniti 14 kwa kupwa. Kwa hiyo bwawa lako litakuwa na siku za neema na siku za ukame kila wiki mbili, kwa ratiba ambayo wavuvi wa Tongoni wanaijua bila kutazama jedwali lolote. Hapa ndipo kazi ya ubunifu ilipo: ni mzigo gani unaoweza kufuata bamvua? Mtambo wa kutengeneza barafu ya samaki, au pampu inayojaza tangi la juu, unaweza kufanya kazi kwa wingi siku za maji makubwa na kupumzika siku za maji mafu, jambo ambalo jokofu la dawa za zahanati haliwezi. Mbunifu anayeanza na mzigo kisha akarudi nyuma hadi kwenye bwawa atafika mbali kuliko anayeanza na tabo. Ufaransa ina kituo cha La Rance, kilichofunguliwa mwaka 1966 chenye uwezo wa megawati 240, lakini huko wastani wa tofauti ya maji ni mita 8 hivi, na kwa kanuni ileile kila hekta yake hubeba nishati kama mara saba ya hekta yetu ya siku za bamvua. Usinakili mchoro wa La Rance, na usiguse mikoko kwa ajili ya kupata nafasi ya bwawa. Tazama kwanza mabwawa ya chumvi yaliyoachwa, ukijua kwamba mengi yake yako juu na hufikiwa na maji siku za bamvua tu.

Kwa wazo la joto la bahari, historia imekwisha kutoa funzo kubwa. Mwaka 1930 Georges Claude, Mfaransa, aliendesha mtambo huko Matanzas, Cuba, uliozalisha kilowati 22 kwa kutumia tofauti kati ya maji ya moto ya juu na maji ya baridi ya kilindini, lakini pampu zake zilikula umeme mwingi kuliko uliozalishwa. Ikiwa maji ya juu yana nyuzi 28 na ya chini nyuzi 5, hakuna injini inayoweza kugeuza zaidi ya asilimia 7.6 ya joto hilo kuwa kazi, na mitambo halisi hupata chini ya nusu ya hapo. Katika mchoro wako, mshale wa pampu uwe wa kwanza kuandikiwa tarakimu.

Mdomo wa mto Pangani nao unaleta wazo ambalo wengi hawalifikirii. Pale maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanapokutana na ya chumvi kuna nishati, na ukiyatenganisha kwa utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi, shinikizo linalotokea kinadharia hulingana na safu ya maji yenye kimo cha zaidi ya mita 200. Lita 10 za maji baridi kwa sekunde zina takribani kilowati 25 za kinadharia. Kampuni ya Statkraft ya Norway ilifungua mtambo wa majaribio wa aina hii huko Tofte mwaka 2009, kisha ikaacha mradi huo miaka michache baadaye kwa sababu umeme wake haukuweza kushindana kwa bei. Tatizo kubwa lilikuwa utando. Kwa mbunifu wa Pangani, kazi ya kwanza ni kupima chumvi ya mto kila kilomita chache, wakati wa kujaa na wakati wa kupwa, kwa sababu bahari hupanda mtoni na maji yaliyo baridi kweli huenda yakawa mbali na mdomo kuliko unavyodhani.

Mkonge ni jambo tofauti, kwa kuwa si ndoto tena. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na yote yanayobaki, ambayo mengi ni maji, hutoka kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha singa na jani, kama taka. Katika miaka ya 2000 huko Hale ulijengwa mtambo wa kugeuza taka hizo kuwa gesi na umeme, jambo linaloonyesha kwamba njia inapitika. Anayetaka kuvumbua hapa asijaribu kuvumbua upya gesi ya taka. Achague kipande kimoja kinachosumbua, kwa mfano namna ya kuondoa hidrojeni salfaidi inayokula chuma cha injini, au namna ya kusafirisha majimaji hayo bila kuchoma dizeli nyingi kuliko thamani ya gesi yake.

Sasa jenga kielelezo, na ujenge kidogo. Ukipunguza bwawa la hekta moja hadi sehemu ya kumi kwa urefu, upana na kimo, nishati yake itapungua hadi sehemu moja ya 10,000, kwa hiyo usikate tamaa taa isipowaka. Unachokitafuta ni kama tarakimu ulizopima zinalingana na ulizokokotoa. Tumia multimita mbili, moja ya volti na nyingine ya ampia, na upime kifaa kikiwa na mzigo. Jenereta isiyo na mzigo inaweza kuonyesha volti 40 na kuwafurahisha wote waliopo, halafu ikashuka hadi volti 3 mara tu balbu inapounganishwa. Zidisha volti kwa ampia kila baada ya dakika kadhaa, andika saa na tarehe, na usirarue ukurasa wenye matokeo mabaya.

Jihadhari na betri katika majaribio. Betri iliyofichwa ndani ya mzunguko inaweza kukiendesha kifaa kwa saa nyingi na kumshawishi hata mtu mkweli kwamba nishati inatoka hewani. Ikiwa ni lazima uitumie, ichaji hadi ijae kwa chaja inayopima, endesha jaribio, kisha ijaze tena na uandike kiasi kilichoingia. Kiasi hicho ni sehemu ya nishati iliyotumika, hata kama hukuiona ikipita.

Usalama usiuache mpaka mwisho wa kazi. Hidrojeni hulipuka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na methani, ile gesi ya taka inayowaka, kati ya 5 na 15, kwa hiyo majaribio ya gesi yafanyike nje, mbali na moto na swichi. Hidrojeni salfaidi hunuka kama yai bovu kwa kiwango kidogo, lakini kwa kiwango kikubwa huzima uwezo wa pua kunusa kabla ya kuua, hivyo mtu asiingie peke yake katika shimo la taka. Usiunganishe kamwe kifaa chako na nyaya za nyumba zilizounganishwa na TANESCO: umeme wako unaweza kurudi kwenye laini, ukapanda volti kupitia transfoma na kumuua fundi anayedhani laini imezimwa.

Tarakimu zikisimama, ndipo uanze kufikiria ulinzi wa wazo lako. Tanzania Bara maombi ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, hupelekwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na kinacholindwa ni uvumbuzi mpya unaoweza kutengenezwa, si ugunduzi wala kanuni ya sayansi. Kuutangaza uvumbuzi hadharani kabla ya kuomba kunaweza kuuondolea sifa ya kuwa mpya, kwa hiyo tafuta kwanza kumbukumbu za hataza za nchi nyingine, ambazo nyingi husomwa bure mtandaoni, kisha omba, ndipo uonyeshe. Kwa ushauri wa utengenezaji nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, na kwa masuala ya utafiti COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Unapokwenda, chukua kielelezo, daftari lote na ukurasa mmoja wenye mchoro wa mishale na tarakimu zake, na umwombe anayekusikiliza apime kwa multimita yake mwenyewe, akiwa ameshika nyaya yeye, wewe ukiwa umesimama upande wa pili wa meza.